Mkaguzi Hajikagui

Kiwandani walimwita Rudisha, na si mama yake aliyempa jina hilo. Alikuwa mkaguzi wa ubora kwenye kiwanda cha ndoo na mabeseni ya plastiki. Kazi yake, ukiondoa maneno makubwa ya kwenye barua ya ajira, ilikuwa kusimama mwisho wa mstari wa mashine, kupokea kila kilichotoka, na kukitafutia sababu ya kukikataa. Ndoo aliigonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa, akasikiliza. Ndoo nzima hulia ngo. Yenye ufa hulia nge. Tofauti ya ngo na nge hakuna aliyeisikia kiwandani ila yeye, lakini kila walipobisha wakaijaza maji iliyolia nge, ilivuja, na mwisho watu wakachoka kubisha. "Rudisha," alisema, bila kupandisha sauti, na ndoo ikarudi kuyeyushwa. Alilisema neno hilo asubuhi na mchana, hadi jina lake halisi likabaki kwenye kitambulisho tu, likimsubiri siku atakayostaafu.

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa masikio. Aliyajivunia masikio yake kama wengine wanavyojivunia mtoto aliyesoma. Akiwa sebuleni aliweza kusema bomba lipi linadondosha maji jikoni, na gari likipita nje alikuambia lina ugonjwa gani kabla mwenyewe hajajua. Mkewe, aliyekuwa mshonaji, alisema masikio hayo yalikuwa na kasoro moja: hayakusikia yakiitwa kuja kukung'uta zulia.

Haya yaliyompata, aliyekuja kuyasimulia kwa watu ni yeye mwenyewe, na kila alipoyasimulia alijipunguzia akili kidogo.

Kitu alichokipenda kuliko ngo ya ndoo nzima ni muziki wa dansi wa zamani, ule wa magita yanayosemezana na tarumbeta zinazoingia kama wageni waliochelewa. Santuri alikuwa nazo, zimepangwa chini ya kitanda, lakini mashine ya kuzipigia ilikufa zamani. Kwa hiyo alisikiliza kanda, kwenye redio kaseti ambayo mlango wake ulishikiliwa na kipande cha lastiki alichoomba kwa mkewe. Redio ile ilikohoa, ilimeza kanda, na siku za baridi iliimba polepole kama iliyofiwa. Hakuilalamikia hata siku moja. Ilikuwa ya mtumba, na kwa kitu cha mtumba Rudisha alikuwa na subira ya punda.

Ndipo akaanza kudunduliza. Haba na haba, akaacha soda, akaahirisha viatu, akaacha hata bahati nasibu ambayo hakuwahi kushinda. Na siku ilipofika akavaa shati la kutokea, akaenda kwenye duka la vyombo vya muziki ambalo kwa muda mrefu alikuwa akilitazama kupitia kioo.

Duka lilikuwa na zulia, na muuzaji wake alikuwa bwana mwenye tai, anayezungumza kwa upole kama mtu aliyekaa na mgonjwa. Akamwonyesha amplifaya nzito kama kiroba cha saruji, mashine ya santuri yenye mkono mwembamba unaong'aa, na spika mbili za mbao nyekundu zilizomfika kiunoni.

"Hizi, mzee, hazitengenezwi kwa pupa," alisema muuzaji. "Kila moja imekaguliwa kwa mkono. Mtu amekaa nayo, ameisikiliza, ndipo akaipiga muhuri."

Angetafuta maneno mwaka mzima asingepata mengine ya kumfungua Rudisha mfuko kama hayo. Mtu amekaa nayo, ameisikiliza. Rudisha akamwona kwa macho ya moyo huyo mkaguzi mwenzake, huko mbali, kwenye chumba kimya, kichwa kimeinama upande mmoja. Akalipa bila kuomba hata kupunguziwa, jambo ambalo mkewe alipolijua lilimuuma kuliko bei yenyewe.

Kesho yake kiwandani akatangaza. Si kwamba alijisifu. Alitaja tu, kwenye foleni ya chai, na ghalani, na kwa mlinzi wa getini, na kwa dereva wa lori ambaye alikuwa amesimama kuuliza njia.

"Kitu cha ubora," aliwaambia. "Mtakuja Jumapili moja msikilize. Mtajua kwa nini nawarudishia ndoo zenu."

Fundi mitambo, mtu mnene wa maneno machache, walimwita Grisi kwa sababu haikumtoka mikononi hata akioga. Alimtazama Rudisha kwa muda, kama anayetazama mashine inayojigamba.

"Tutakuja," alisema Grisi.

Chumba cha mbele nyumbani kwa Rudisha ndicho kilikuwa karakana ya mkewe. Spika zilipoingia, cherehani ikahamishwa karibu na dirisha, vitambaa vya wateja vikapanda juu ya kabati, na kiti cha wageni kikaenda chumbani. Mkewe alihama tu, na sindano mdomoni. Rudisha alifungua maboksi kwa kisu cha jikoni, taratibu, kama anayemvua kanzu mtoto aliyelala. Akaunga nyaya. Akaketi katikati ya spika zote mbili, mahali alipopawekea alama kwa chaki, akaweka santuri ya kwanza.

Gita la kwanza likaingia, safi kama maji ya kisima. La pili likaingia. Rudisha akafumba macho. Kisha likaja gita la besi, na kwenye spika ya kushoto, chini ya kila sauti nzito, kikaja kitu kingine ambacho mpigaji hakukipiga. Zzz. Kama nzi ndani ya chupa.

Akafumbua jicho moja.

"Kuna nzi?" aliuliza mkewe, bila kuinua uso kutoka kwenye pindo la gauni.

"Bado mpya," alisema Rudisha. "Vyombo vya namna hii vinahitaji muda wa kulainika."

"Kama viatu."

"Hasa. Kama viatu."

"Na hivi vinabana mguu wa kushoto tu."

Muuzaji hakumweleza lolote kuhusu kulainika. Rudisha alilitunga papo hapo, na akashangaa lilivyomtoka laini. Kazini wafanyakazi walimletea visingizio vya namna hiyo kila siku, kwamba plastiki bado ina moto, mzee, ikipoa itakaa sawa, na hakuwahi kukubali hata kimoja. Sasa alikuwa anavitengeneza mwenyewe, na vilikuwa bora kuliko vyao.

Baada ya siku chache spika ilikuwa haijalainika, na yeye hakuwa amefikiria kuirudisha. Angeirudishaje? Alikwishamwambia hata yule dereva wa lori. Kwa hiyo akaanza kutafuta mchawi mahali pengine. Kwanza alilishuku friji, kwa kuwa lilivuma nalo. Akalizima ili asikilize vizuri, akasahau kuliwasha, na kesho yake nyumba ikanuka maziwa. Zzz ilikuwa palepale. Akaushuku umeme wa mtaani, akabadilisha plagi, akageuza waya huu na ule. Mwisho akaigeukia cherehani.

"Mama watoto, hebu acha kukanyaga kidogo."

Mkewe akaacha kukanyaga. Walisikiliza pamoja. Spika ya kushoto ikaendelea kumsengenya mpiga besi bila haya.

"Nikanyage sasa?" aliuliza mkewe.

"Kanyaga."

Akakanyaga, kwa nguvu kuliko mwanzo.

Ilibaki sababu moja tu, na kwa mtu kama Rudisha ilikuwa ngumu kumeza. Labda kasoro iko masikioni. Aliifikiria siku nzima, na kadiri alivyoifikiria ndivyo ilivyomwingia na kumfariji. Mtu huzeeka. Sikio la kushoto linaweza kuchakaa. Sikio likiwa bovu, spika ni nzima, na spika ikiwa nzima, heshima yake kiwandani ni nzima. Akaomba ruhusa kazini, akaenda hospitali kuonana na daktari wa masikio, akiomba moyoni akutwe mgonjwa.

Daktari alikuwa mama wa makamo aliyevaa miwani kwenye ncha ya pua.

"Unasikia nini?"

"Mvumo, daktari. Upande wa kushoto."

"Muda wote?"

"Hapana. Likipigwa gita la besi."

Daktari akaacha kuandika. "Likipigwa wapi?"

"Nyumbani. Kwenye spika."

"Na ukiondoka mbele ya spika?"

"Unakwisha."

Daktari akaivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Baba, hiyo spika umeitazama?"

"Ni mpya," alisema Rudisha. "Imekaguliwa."

Kwa huruma, au kwa udadisi tu, daktari akampima. Akamtoa nta kidogo, akamvisha vifaa vya kichwani, akampigia milio minene na myembamba, mingine midogo kama mbu anayepita chumba cha pili. Rudisha alijitahidi asiisikie. Alishindwa, aliisikia yote, hata ule wa mwisho ambao daktari alisema huupiga kwa mazoea tu, maana hakuna anayeusikia.

"Masikio yako ni ya kijana," alisema daktari. "Nenda kwa amani."

Katika hospitali nzima, Rudisha ndiye mtu pekee aliyeambiwa siku ile kwamba hana ugonjwa, akanuna.

Akarudi kiwandani kumalizia zamu. Alisimama mahali pake, mikono ikipokea mabeseni ya bluu na kuyapitisha, na akili iko nyumbani, imechutama mbele ya spika ya kushoto. Aligonga, bila shaka, mkono ulishazoea. Lakini kugonga si kusikiliza. Wafanyakazi walisema baadaye kwamba mchana ule neno "rudisha" halikusikika hata mara moja, na kwamba walidhani ni siku yake ya kuzaliwa.

Jumapili ikafika, na Grisi akafika nayo, amevaa koti. Alifuatana na Mama Rangi, mwanamke wa vicheko aliyekuwa akichanganya rangi za plastiki na kusimamia mashine ya mabeseni. Alikuwepo pia mama mkwe wa Rudisha, aliyekuja kumwona bintiye na kukuta nyumba imegeuka ukumbi. Mama mkwe alikuwa na heshima zake na umri wake, na katika masikio yake moja lilikuwa limestaafu na la pili lilikuwa likizo.

Rudisha alikuwa amejiandaa. Viti alivipanga mwenyewe, vyote vikasogea kulia kidogo, kama wageni waliomo kwenye mashua inayolalia upande. Upande wa kushoto, ubavuni kabisa mwa ile spika, alimkalisha mama mkwe kwa adabu zote.

"Hapa pana upepo mzuri, Mama," alimwambia kwa sauti kubwa.

"Asante, mwanangu," alijibu mama mkwe, na akaweka kikombe chake cha chai juu ya spika. Rudisha aliona, lakini nani amwondolee mama mkwe kikombe?

Santuri nazo alikuwa amezichuja. Jumamosi nzima alitafuta wimbo usio na gita la besi, na akagundua alichopaswa kukijua, kwamba dansi bila besi ni ugali bila maji. Kilichopatikana mwishoni ni santuri moja ya filimbi ambayo hata hakumbuki aliipataje. Akaiweka. Filimbi ikalia peke yake, nyembamba, ya huzuni. Wageni wakasikiliza kwa heshima. Ikaisha, ikaja nyingine.

"Hii ni nini?" aliuliza Mama Rangi.

"Filimbi. Sikiliza ilivyo safi."

"Tumekuja kwa filimbi?"

Grisi alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini. "Weka dansi," alisema.

Hakukuwa na mlango wa kutokea. Rudisha akaweka dansi. Akashusha kitufe cha besi hadi mwisho, kisha akasimama mbele ya spika ya kushoto, akaanza kuyumba kama mtu aliyeguswa na muziki, akitanua koti lake ili liizibe. Mkewe alimtazama kutoka kwenye cherehani. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumwona akicheza akiwa hajalazimishwa.

Magita yakaingia. Tarumbeta zikaingia. Besi, hata ikishushwa, ni besi; nayo ikaingia. Juu ya spika kikombe cha mama mkwe kikaanza kutetemeka kwenye kisahani chake, ting'i, ting'i, na chai ikafanya mawimbi. Mama mkwe akakitazama. Akaweka kiganja chake juu ya mbao, akakiacha hapo, uso umekunjamana kwa makini. Kisha akasema, kwa ile sauti ya watu wasiojisikia wakisema, sauti iliyofika hadi kwa jirani:

"Mwanangu, humu ndani kuna nyuki."

Rudisha akaacha kucheza. Mkewe akaunyanyua mkono wa santuri, na chumba kikawa kimya.

Grisi akainuka. Alizunguka kiti chake, akaenda hadi kwenye spika ya kulia, akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ngo. Akavuka chumba, akamsogeza Rudisha taratibu kwa bega, kama mtu anayesogeza pazia, akaigonga ya kushoto. Nge. Waliisikia wote, hata Mama Rangi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameapa kwamba hakuna kitu kama hicho.

Grisi akamgeukia mwenyeji wake. "Rudisha," alisema.

Ilichukua muda kidogo kabla watu hawajajua kama ameita jina au ametoa amri. Grisi alipoulizwa baadaye alisema alikusudia yote mawili. Mama Rangi ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akaangukia rundo la vitambaa. Mkewe alicheka akiwa ameziba mdomo kwa gauni la mteja. Mama mkwe alicheka kwa kuwa wengine walicheka. Rudisha alibaki amesimama na koti lake limetanuka kama kuku aliyefumaniwa juu ya mayai ya mwenzake, kisha akacheka na yeye, akichelewa, kama anayelipa nauli baada ya kondakta kumkazia macho.

"Nitairudisha Jumatatu," alisema.

Lakini Jumatatu kabla ya dukani kulikuwa na kazini, na kazini, hata kabla hajavua kofia, aliitwa kwa meneja. Meneja alikuwa mama mpole ambaye watu walimwogopa alipopunguza sauti. Mezani kwake palikuwa na beseni la bluu. Hakumwambia Rudisha akae. Alichukua jagi la maji ya kunywa, akamimina kidogo ndani ya beseni, wakasubiri wote wawili, na baada ya muda maji yakatokeza chini, yakatambaa juu ya meza yakielekea kwenye kalamu zake.

"Mabeseni yamerudishwa na mteja," alisema meneja kwa sauti ndogo. "Yote. Muhuri uliopo chini ni wa nani?"

Rudisha hakuhitaji kuligeuza. "Wangu."

"Siku ulipoyapitisha ulikwenda hospitali. Ulikuwa unaumwa?"

Hapo palikuwa na mlango, wazi kabisa, na ungempitisha bila kuinama. Alikuwa amekwenda hospitali, ni kweli, na hakuna ambaye angemwuliza zaidi. Lakini alichoka. Visingizio alikuwa amevitumia vyote kwa ajili ya spika.

"Hapana, mama. Nilikuwa na spika."

"Ulikuwa na nini?"

Akamweleza. Alimweleza friji, maziwa, cherehani, daktari na nta. Alipofika kwenye kikombe cha mama mkwe, meneja alikuwa ameinamia droo, akitafuta kitu ambacho hakikupatikana, na mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Kwanza utayapanga upya yale mabeseni, moja moja, uniambie mazima ni yapi," alisema alipoinuka, akifuta macho. "Kisha nenda karudishe spika yako. Na ukirudi hapa, uje na kichwa chako."

Akayapanga. Yalikuwa yamerundikwa uani, na kila aliyepita alipita polepole kuliko kawaida. Mama Rangi alileta kiti chake, akakaa karibu, akamtazama akigonga na kusikiliza. Alitarajia atafurahi, na alifurahi kidogo, lakini alivyoendelea kumtazama mwanamume huyo ameinama jua likimpiga kisogoni, akasimama, akaanza kumpokezea.

Kwenda dukani Rudisha alisaidiwa na Grisi na gari la kiwanda. Hotuba alikuwa nayo, aliitunga bafuni, na ilikuwa kali; ilianza na "Mimi ni mtu wa ubora" na kumalizikia kwenye methali. Njiani aliirudia moyoni, akaona ina nyufa.

Muuzaji aliwapokea kwa upole wake uleule. Alisikiliza, akatikisa kichwa kwa uchungu, akasema, "Mzee, vyombo vya namna hii vinahitaji muda wa kulainika."

Rudisha, aliyedhani neno hilo amelizaa mwenyewe, alijisikia kama mtu aliyekutana na suruali yake barabarani imevaliwa na mwingine. Grisi akakohoa.

"Tuifungue," alisema Rudisha.

Muuzaji akaleta bisibisi, akatoa skrubu za uso wa spika. Ndani yake, ile karatasi nyeusi ya duara ambayo hutikisika ili itoe sauti ilikuwa imegandishwa kwa gundi vizuri pande zote, isipokuwa sehemu ya chini. Hapo gundi haikufika kabisa. Karatasi ilikuwa ikijipigia makofi yenyewe kila besi ilipoiamsha. Na nyuma, kwenye mbao, palikuwa na muhuri wa ukaguzi, umegongwa sawasawa, wala haukwenda upande.

Muuzaji akaona aibu, na upole wa dukani ukamtoka. "Sasa huyu mkaguzi alikuwa anafanya nini?"

Hapo ndipo pahali pa hotuba. Grisi alimtazama Rudisha, akisubiri. Rudisha akautazama muhuri. Akamwona tena yule mwenzake wa mbali, lakini chumba hakikuwa kimya tena, na kichwa hakikuwa kimeinama. Mtu huyo alikuwa amesimama, mkono wake unagonga wenyewe, na akili yake iko mahali pengine kabisa, labda hospitalini, labda kwa mkewe, labda mbele ya kitu alichonunua kwa pesa nyingi ambacho hakitaki kufanya kazi.

"Labda alikuwa na mambo nyumbani," alisema Rudisha.

Wateja wenye spika mbovu hawakuwa na kawaida ya kumtetea aliyeziharibu. "Naweza kuibandika hapahapa, mzee," alisema muuzaji, kwa moyo mweupe. "Gundi kidogo tu. Hutajua."

"Nitajua," alisema Rudisha. Huruma ni huruma, na ubora ni ubora. "Lete nyingine."

Ikaletwa nyingine kutoka stoo, kwenye boksi lake, na muhuri wake. Walipoipigia besi ikafanya zzz kama dada yake. Iliyofuata haikufanya zzz, ila haikufanya kitu kingine chochote pia; waya wake ulikuwa haujaungwa. Iliyofuata ilikuwa na skrubu inayotembea tumboni. Muuzaji akalegeza tai. Kisha akaivua kabisa, akaketi kwenye zulia kati ya maboksi, na Rudisha akaketi naye, na Grisi, ambaye hakupenda kukaa chini, akachutama. Wakawa wanazitoa moja baada ya nyingine, Rudisha akigonga na kuinamisha kichwa. Mteja aliyeingia kuuliza bei alitazama kidogo, akatoka bila kuuliza.

"Unasikia nini?" muuzaji alimwuliza, akiwa amebandika sikio lake kwenye mbao.

"Wewe unasikia nini?"

"Kama... inaitikia kwa mbali."

"Basi weka kando, na hiyo pia."

Jioni ilipoingia spika nzima ilikuwa imepatikana, na zilizobaki zilikuwa zimepangwa ukutani zikisubiri kurudi zilikotoka. Muuzaji aliwasindikiza hadi kwenye gari bila tai, akauliza kama Rudisha angeweza kupita siku moja mzigo mpya ukija. Rudisha akasema atafikiria. Ndani ya gari akamwambia Grisi kwamba hatafikiria kamwe. Kitu unachokipenda, alisema, ni rahisi kuendelea kukipenda usipojua sana kinavyotengenezwa.

Nyumbani aliiweka spika mahali pake, akaunga waya, akapangusa mbao kwa kitambaa. Na kitambaa kilipopita pembeni, kidole chake kikagusa mkwaruzo. Mwembamba kama unywele, nyuma, chini, ambapo hakuna mgeni angetazama isipokuwa akianguka. Akaupitishia kidole tena. Akafungua mdomo.

Mkewe akatoa pini kutoka katikati ya midomo. "Nini tena?"

"Hakuna kitu," alisema Rudisha, na akaisogeza spika kidogo kuelekea ukutani.

Akaweka santuri. Wimbo wa kwanza aliusikiliza ameshika magoti, kama mzazi anayesubiri mtoto ajikwae jukwaani, na mtoto hakujikwaa. Wa pili ulipoanza akagundua kwamba tangu vyombo hivyo viingie nyumbani hajausikiliza wimbo hata mmoja. Amesikiliza spika tu. Akaegemea kiti. Besi ikapita, nene na mviringo, ikaenda zake.

Cherehani ikasimama. Mkewe alikuwa anaufahamu wimbo ule tangu kabla hajamjua yeye, na akaanza kuufuatisha kwa sauti ya chini, akiwa ameshikilia kola ya shati la mtu. Aliimba chini ya sauti ya waimbaji, si chini kiasi cha kuwa sauti ya pili wala si juu kiasi cha kuwa ya kwanza, na maneno ya ubeti wa katikati aliyachanganya. Rudisha alisikia kila palipokosewa. Akavuta kiti chake kutoka kwenye alama ya chaki, akakisogeza karibu na dirisha, na upande mmoja ulipokwisha akainuka kuigeuza santuri kabla mkewe hajaanza kukanyaga tena.